Kamusi wa Duka la Kamera

Jumamosi hiyo, saa tano asubuhi, duka la kamera lilikuwa limejaa mpaka mlangoni. Bwana harusi mmoja alikuwa akibishana juu ya bei ya begi, wanafunzi watatu walikuwa wakipigana picha kwa kamera ya maonyesho ambayo hawakuwa na nia ya kuinunua, na feni ya darini ilizungusha joto lile lile. Katikati ya vurugu hizo aliruka huku na huku kijana wa miaka ishirini na tisa, shati jeupe, tai nyembamba nyekundu, funguo za makabati zikimlia kiunoni. Wenzake walimwita Kamusi.

Walimwita hivyo kwa sababu hakuna swali la mteja lililowahi kumkwamisha. Majibu mengine aliyasoma, mengine aliyasikia kwa watu, na mengine aliyatunga palepale, mdomo ukiwa umeshafunguka. Wateja hawakujua lipi ni lipi. Kusema kweli, siku nyingine hata yeye mwenyewe hakujua. Juma lake la kwanza kazini, miaka sita nyuma, alimjibu mteja, "Sijui," na mteja akavuka barabara akaenda kununua kwenye duka la ng'ambo. Bosi, mama mfupi mwenye miwani ya kuning'inia kifuani, hakumgombeza. Alimwonyesha kwa kidole tu yule mtu akitoka ng'ambo na boksi kwapani. Tangu hapo Kamusi hakulitamka tena neno lile.

"Kaka, nataka kamera ya kupiga meno."

Kamusi akageuka. Mbele yake alisimama msichana aliyevaa koti la kazi la bluu lililofungwa vifungo mpaka shingoni, kilemba cha kijani kichwani, na kwenye mikono ya koti vumbi jeupe la plasta. Macho yake yalikuwa makubwa na hayakupepesa.

"Meno ya nani?"

"Ya wagonjwa. Ulidhani ya mbwa?" Akatabasamu kidogo. "Mimi ni fundi wa meno ya bandia. Shangazi yangu ni daktari, yeye anang'oa na kuziba. Mimi nakaa karakana ya nyuma, natengeneza. Nataka nipige picha meno yaliyobaki kinywani niione rangi yake vizuri, ili jipya lifanane nayo."

Kamusi hakuwahi kusikia biashara kama hiyo tangu azaliwe. "Basi umefika," alisema, na mkono wake ukaenda wenyewe kabatini. "Shika hii. Lenzi yake inakaribia mpaka unahesabu vinyweleo vya miguu ya nzi."

"Nzi sina haja naye. Rangi je? Jino litatoka na rangi yake ya kweli?"

"Kweli tupu. Kamera inajirekebisha yenyewe."

"Yenyewe tu?"

"Yenyewe, dada. Ina akili kuliko sisi wote humu ndani."

Hapo fundi akacheka, kicheko cha ghafla kilichomrudisha kichwa nyuma, na Kamusi akawa amekwisha. Alifunga boksi harakaharaka. Fundi alitaka kujaribu kwanza, lakini foleni ilikuwa ikimsukuma mgongoni, na Kamusi alimhakikishia kwamba hakuna haja.

"Nikiwa na swali?"

"Piga namba hii. Ni yangu."

"Sijaomba yako. Nimeomba ya duka."

"Ya duka ina foleni."

Fundi akaikunja karatasi yenye namba, akaitia mfukoni, akatoka. Jumapili nzima Kamusi alikuwa akiitazama simu. Aliiweka mezani, akaichukua, akaiweka tena. Haikulia.

Jumatano mchana fundi alirudi mwenyewe. Hakusalimia. Aliliweka boksi juu ya kaunta kwa kishindo mpaka wateja wawili wakasogea pembeni.

"Kamera yako ukiisogeza karibu, picha ni ukungu mtupu. Nikarudi nyuma, nikaikuza picha. Kumbe chini ya taa za kliniki kila kitu kinageuka njano. Mimi sikujua, nikaiamini. Nimetengeneza jino la mbele la mtangazaji wa televisheni kwa rangi hiyo. Jana shangazi kamvalisha, mama wa watu kajiona kwenye kioo, kaangua kilio. Jino moja kama punje ya mahindi! Na Jumatatu anarudi hewani."

"Dada, labda ulibonyeza mahali..."

"Usiniambie nilibonyeza!" Sauti yake ikakatika. "Miaka minne shangazi ananipa kazi, hajawahi kurudishiwa jino. Ungesema tu hujui. Ningekwenda kumuuliza anayejua."

Bosi alivaa miwani yake, akamtazama Kamusi kutoka kwenye meza ya malipo.

"Bosi," Kamusi alisema, "nipe mpaka Ijumaa."

"Usiniombe mimi. Mwombe mteja."

Fundi alimtazama kitambo. "Ijumaa saa nne," alisema, akatoka akiliacha boksi palepale.

Siku mbili hizo Kamusi hakukaa. Alisoma vitabu vya maelekezo stoo, akiwa wima, mkate mkononi. Alimfuata fundi wa kamera aliyekaa chumba cha nyuma na bisibisi zake, akamsumbua mpaka mzee wa watu akamwambia, "Sasa niache nipumue." Alimpigia simu mpiga picha wa vito vya dhahabu, mtu ambaye walikuwa hawajuani, akamuuliza maswali kumi na moja. Ijumaa saa nne kasoro dakika tano alikuwa mlangoni pa kliniki, tai imepinda, begi begani.

"Lenzi ndiyo hii," alimwambia fundi karakanani, katikati ya mataya ya plasta yaliyopangwa rafuni kama vikombe. "Imetengenezwa kwa vitu vya karibu. Ile niliyokuuzia haikaribii zaidi ya nusu mita. Hii flashi ni ya duara, inavaliwa mbele ya lenzi, mwanga unaingia kinywani pande zote bila kivuli. Na hii kadi ya kijivu unaipiga picha kwanza kwa mwanga huohuo, kamera ijue kijivu ni kipi. Ikikijua kijivu, haitadanganya nyeupe."

Fundi alikunja mikono kifuani. "Hayo umeyasoma au umeyatunga?"

"Nimeyasoma. Ukurasa wa arobaini na moja."

Akacheka bila kupenda. Jumapili jioni jino jipya likavalishwa, na Jumatatu wakatazama habari kila mmoja kwao, simu sikioni. "Lipi?" Kamusi aliuliza. "Hebu niambie ni lipi, mimi silioni." Fundi aliziba simu kwa kiganja. Alikuwa akilia kwa furaha na hakutaka asikike.

Ndivyo mapenzi yalivyoanza, na yalikwenda mbio kama Kamusi mwenyewe alivyokuwa akienda mbio. Alimpigia asubuhi kabla hajapiga mswaki, akampigia akiwa njiani, akampigia akiwa ngazini kwake.

"Uko wapi?"

"Karakanani. Nina taya la mzee mkononi."

"Liweke chini unisikilize."

"Nikiliweka litapasuka. Sema."

"Nimekumbuka sauti yako tu."

"Kamusi, tumeongea dakika kumi zilizopita!"

"Kumbe ni kumi? Mimi nilidhani wiki."

"Mwongo we," alisema fundi, na sauti yake ilikuwa laini kama pamba.

Walikutana mchana kwenye ngazi za jengo la posta, yeye na koti lake la bluu, Kamusi na tai yake, wakila karanga. Kamusi hakutulia hata akiwa na raha. Mguu wake ulichezacheza, macho yalikuwa barabarani, na swali moja likiisha alikuwa ameshajibu la pili ambalo halijaulizwa. Fundi aliyezoea kusubiri plasta ikauke alimwekea mkono gotini. "Tulia," alimwambia. "Hakuna foleni hapa."

Mwezi wa nne wa mapenzi yao, barua ikaja. Chuo cha ufundi wa meno, mji wa mbali, siku nzima kwa treni, kilimpa fundi nafasi ya mafunzo ya miaka miwili. Alikuwa ameiomba kabla hajamjua Kamusi. Shangazi, mwanamke mrefu aliyevaa saa kubwa ya kiume na kuzungumza polepole, alimwalika kijana chakula cha mchana. Sahani zilipoondolewa, akaegemea kiti.

"Kijana, huyu nimemlea tangu ana miaka saba. Nafasi kama hii haiji mara mbili. Lakini naona moyo wake uko mguu ndani mguu nje, na sababu ni wewe. Sitaki maneno mengi. Una mpango gani naye?"

Jibu la kweli lilikuwa fupi. Alimpenda, na mengine hakuyajua. Mshahara wake uliishia kwenye pango la chumba na nauli. Lakini shangazi alikuwa akingoja, saa ile kubwa ilikuwa ikisikika, na fundi alikuwa amekaza macho kwenye kitambaa cha meza.

"Shangazi, tunaoana Desemba," akajisikia anasema. "Kiwanja ninacho tayari, barabara ya juu kule, baada ya tangi la maji. Msingi naanza mwezi ujao."

Fundi akainua uso. Kamusi hakuwahi kumwona na uso ule, wala hakuwahi kuona furaha iliyomtisha kiasi kile. Alifumbua mdomo arekebishe, akasema, "Vyumba vitatu."

Wiki ile ile fundi aliwaandikia chuo kwamba haendi. Kamusi aliambiwa barua ikiwa imeshatumwa. Kila siku aliamka amejikaza aseme. Kila siku fundi alimtajia rangi ya mapazia, na siku ikapita.

Wiki ya tano, Jumapili, gari la shangazi likasimama nje ya nyumba aliyopanga Kamusi. "Panda," shangazi alisema dirishani. "Tukakione hicho kiwanja."

Hata hapo angeweza kusema. Akapanda. Walipita tangi la maji, barabara ya lami ikaisha, vumbi likaanza. Fundi alikuwa mbele, gauni la njano, mikono imetulia mapajani. "Bado?" shangazi aliuliza. "Mbele kidogo," alijibu Kamusi, jasho likimtiririka mgongoni. "Bado?" "Hapo. Hapo kwenye ua wa miti."

Wakashuka. Kilikuwa kiwanja kizuri, tambarare. Kamusi akanyoosha mkono, akaanza, "Sebule itakuwa upande huu..." Mara majani yakatikisika, akatoka mama mmoja na jembe begani, kiatu kimoja kimejaa udongo.

"Karibuni wageni," alisema kwa ukarimu. "Mnamtafuta nani?"

Shangazi akamgeukia. "Mama, samahani, shamba hili la nani?"

"Langu. Mwaka wa kumi na mbili huu. Mnataka maharage?"

Hakuna aliyecheka. Shangazi alirudi garini, akafunga mlango taratibu. Fundi alibaki amesimama, upepo ukilivuta gauni lake, akimtazama Kamusi kwa macho yale yasiyopepesa.

"Nijibu moja tu. Ulijua saa ngapi kwamba unadanganya?"

"Nilipomaliza kusema."

"Nilipokuambia nimekataa chuo, ulikuwa umeshajua?"

"Ndiyo."

"Na ukanyamaza. Wewe, usiyeweza kunyamaza." Akageukia gari. "Umeniuzia tena, Kamusi. Mara ya kwanza lilikuwa jino la mtu. Safari hii ni miaka yangu miwili."

Gari likaondoka. Mama mwenye jembe alimtazama Kamusi akirudi kwa miguu kwenye vumbi, akatikisa kichwa, akaendelea na palizi yake.

Alipiga simu, haikupokelewa. Alipiga kwa namba ya mwenzake, fundi akaisikia pumzi tu, akakata. Alikwenda kliniki, akaambiwa na shangazi mlangoni, "Hapa tunahudumia meno, kijana. Una jino linauma?" Hakuwa na jino linalouma. Kwa mwezi na nusu hakuna mahali palipomkalika. Alitoka chumbani mwake akazunguka mitaa, akarudi, akatoka tena. Chakula alikiacha nusu. Usingizi ulikuja kwa vipande.

Dukani, Jumatatu moja, mteja alimuuliza kama kamera fulani inavumilia baridi ya kwenye barafu, kwa kuwa alikuwa anapanda mlima. Jibu lilikuwa tayari ulimini, tamu, limekamilika. Kamusi akalimeza. Lilimuuma kama mfupa.

"Sijui," alisema.

Mteja akakunja uso. "Hujui?"

"Sijui. Lakini nipe robo saa, nitajua."

Akamwita fundi wa chumba cha nyuma, akafungua kitabu, akarudi na jibu: betri itaisha haraka, zibebwe mbili, ya akiba ikae ndani ya koti. Mteja alinunua. Wa kesho yake hakusubiri, akavuka barabara. Bosi alimwona akivuka, akamwona na Kamusi akimtazama, na hakuonyesha kidole safari hii. Alichukua daftari tupu kwenye rafu, akalitupa juu ya kaunta. "Yaandike hayo usiyoyajua," alisema. "Mengine hata mimi nayataka."

Daftari lilikuwa limeshajaa nusu yake, siku simu ya duka ilipolia na Kamusi akaipokea.

"Naomba kuongea na mama bosi." Ilikuwa sauti ya fundi. Kamusi akashika kaunta.

"Ametoka kwenda benki. Ni mimi."

Kimya. Kamusi hakukijaza.

"Ni swali la kazi tu," fundi alisema hatimaye. "Meno yakilowa mate yanang'aa kwenye picha, ule mng'ao unafuta rangi. Nimekausha, nimegeuza flashi, wapi. Kuna mgonjwa saa tisa. Nifanye nini?"

"Sijui."

"Umesemaje?"

"Nimesema sijui. Nipe saa moja, nitakupigia."

Alikata, akakimbilia chumba cha nyuma kwa fundi wa kamera. Walifungua makabati, wakapiga simu mbili, wakamwagia maji kikombe cheupe cha chai, wakakipiga picha mara thelathini. Dakika ya hamsini akapiga.

"Kuna vichujio vya mng'ao. Kimoja unaweka juu ya flashi, kingine mbele ya lenzi. Hicho cha lenzi unakizungusha taratibu mpaka mng'ao ufe. Nimejaribu kwa kikombe kilicholowa, umekufa kabisa. Ila picha inakuwa na giza, itabidi uongeze mwanga."

"Na kwa meno?"

"Kwa meno sijajaribu. Sijui."

"Vilete," fundi alisema. "Tukajaribu."

Hakukuwa na mgonjwa bado, basi mdomo wa majaribio ukawa wa Kamusi. Alikaa kwenye kiti, midomo imevutwa kwa vibanio vya plastiki, hawezi kusema neno, na fundi akiwa ameinama juu yake anazungusha kichujio kidogokidogo. Mng'ao ukafa. Meno yakatokea yalivyo, na michirizi yake na weupe usio sawa. Fundi aliitazama picha kwa muda mrefu, akarudi akamtoa vile vibanio kwa vidole vyake, kimoja, kisha kingine.

"Niliwaandikia tena," alisema. "Chuo. Niliwaomba kama mtoto. Kuna mtu kajitoa, wamenirudishia nafasi. Naondoka Jumanne ya tarehe tisa."

"Nimefurahi," Kamusi alisema, na machozi yakamtoka hapohapo kitini. "Nisamehe. Nilikuibia kitu ambacho sikujua hata namna ya kukirudisha."

"Nilikuwa nimekasirika sana."

"Najua."

"Bado nimekasirika kidogo." Akakaa kwenye kigoda mbele yake. "Utanisubiri?"

Maneno yalimjaa kinywani, miaka kumi, miaka mia, mpaka kaburini. Akayaacha yapite.

"Nataka kukusubiri. Sijawahi kusubiri kitu zaidi ya wiki moja maishani mwangu, kwa hiyo sijui nitakuwaje. Najua kwamba tangu siku ile ya shamba sijaonja chakula kikawa chakula. Mengine nitakuwa nakuambia nikishayajua."

"Si jibu tamu hilo."

"Si tamu."

Fundi alimwegemezea paji la uso begani. Vumbi la plasta likahamia kwenye shati jeupe. Wakakaa hivyo mpaka mgonjwa wa saa tisa akabisha hodi.

Jumanne ya tarehe tisa stesheni ilikuwa na watu kama sokoni. Shangazi alimwona Kamusi akija mbio, akamtazama juu mpaka chini, kisha akasema, "Umefika. Haya, beba hilo begi zito." Kwa shangazi yule, hayo yalikuwa maneno mengi. Fundi alivaa suruali ya kahawia na viatu vipya vilivyokuwa vikimbana. Walishikana mikono dirishani mpaka filimbi ikapigwa, na Kamusi akatembea sambamba na behewa, kisha akakimbia, kisha jukwaa likaisha.

Nusu saa baadaye simu yake ikalia.

"Bado umesimama hapo?"

"Bado."

"Shangazi je?"

"Ameshaondoka. Kaniambia nami niondoke."

"Nenda kazini, bosi atakufukuza."

"Naenda."

"Hujaenda. Nasikia matangazo ya treni."

"Sijaenda."

Akacheka, kisha akaacha kucheka. "Nisikilize. Nimekaa hapa nafikiri, mama wa pembeni yangu anadhani nina homa. Mwezi wa nane nina likizo, majuma matatu. Nataka tuoane. Sitaki nyumba, chumba chako kinatosha kwa majuma matatu, halafu nirudi shule nikiwa na mume wangu. Unasemaje?"

Kamusi alisimama katikati ya watu na mizigo yao. Mtu alimpiga kikumbo, hakuhisi.

"Mbona kimya?"

"Nafikiri."

"Fikiri haraka basi, tunaingia milimani, mtandao utakatika!"

Alifikiria chumba chake na kitanda chake chembamba. Alifikiria miezi ya kusubiri, yeye asiyeweza kusubiri maji yachemke. Alitafuta ndani yake mahali penye shaka, akapapasa kila upande, akakuta hakuna.

"Ndiyo," alisema.

Simu ilikuwa imekufa. Akapiga, haipatikani. Akapiga tena akivuka barabara, akapiga kwenye ngazi za posta, akapiga mara saba kabla ya kufika dukani, na kila mara ilikuwa sauti ileile ya mashine. Aliingia, akafunga tai vibaya. Mteja wa kwanza alikuwa mzee mtaratibu aliyetaka kamera ya kumpigia mjukuu, na Kamusi akamweleza, akapoteza alikokuwa, akaanza upya. Saa tano ikapita. Saa sita. Alishindwa kufungua kabati, kumbe funguo alikuwa amezishika kichwa chini.

Saa sita na nusu mfuko wake ukatetemeka. Mzee alikuwa katikati ya sentensi.

"Samahani, baba," Kamusi alisema, na simu ilikuwa tayari sikioni. Treni ilikuwa ikinguruma kwa nyuma, na juu yake sauti ya fundi, kubwa, kama anayeita mtu ng'ambo ya barabara:

"Nilisikia! Nilisikia, mume wangu, kabla haijakatika! Mbona umenipigia mara saba?"

Kamusi akafungua mdomo, na kwa mara ya kwanza maishani hakuna neno lililotoka. Mzee alimtazama, akatazama machozi yake, akavuta kiti cha kaunta, akamsogezea.